Flashi na Picha ya Uso: Somo kutoka Milimani, Nakuru

Flashi ni taa ya kamera imulikayo kwa muda mfupi mno. Wengi hudhani kazi yake ni kufukuza giza tu. Makala haya yanaonyesha kuwa, katika picha ya uso, flashi huamua pia kivuli kianguke wapi.

Mfano mwafaka ni siku ya mahafali. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, hurejea nyumbani Milimani, chini ya Menengai, jua likikaribia kutua. Nakuru i karibu na ikweta, hivyo giza halikawii. Jamaa huingia sebuleni; nyanya mwenye kitambaa cheupe kichwani huketi kando ya mjukuu aliyevaa joho jeusi.

Kwanza, ni mwelekeo. Flashi ikimulika uso moja kwa moja, vivuli vya pua na mashavu hufutika, uso ukawa bapa. Paji hung'aa, na macho huwa mekundu kwa kuwa mwanga huakisiwa kutoka nyuma ya jicho penye mishipa ya damu. Flashi yenye kichwa kinachogeuka ielekezwe kwenye dari nyeupe, ili mwanga urudi ukiwa mpana na mpole. Dari ya kijani haifai, kwani ngozi nayo itageuka kijani.

Pili, ni umbali. Flashi inapomulika moja kwa moja, umbali ukiongezwa mara mbili mwanga hubaki robo. Ndiyo sababu walio mbele hupauka huku walio nyuma wakimezwa na giza. Heri wote wawe katika mstari mmoja.

Tatu, ni rangi. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kitu ni cha kijivu. Joho jeusi likitawala picha, flashi huzidisha mwanga na uso hupauka. Weupe ukitawala, huupunguza na uso mweusi hupotea. Tatizo hili lina historia: kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu. Kwa hiyo mpigapicha apunguze nguvu ya flashi penye weusi mwingi na kuiongeza penye weupe, kipimo chake kikiwa uso, wala si nguo.

Kwa kuhitimisha, picha ya jioni hiyo huenda ndiyo itakayotundikwa ukutani siku nyanya atakapokuwa hayupo. Inafaa mikunjo ya uso wake ionekane.