Samaki Haahidiwi: Mafunzo Niliyopata Kwenye Boti za Kukodi Watamu

Vijana wanaonijia kutaka kazi ya boti huanza na swali moja: nahodha hulipwa ngapi? Ni swali la haki, hata mimi nililiuliza. Kazi yenyewe ni kuwapeleka wageni nje ya mwamba, kutoka Watamu, Malindi, Kilifi au Shimoni, wakavue kwa fimbo na rili: sulisuli, marlini, jodari, nguru, dorado. Mgeni hukodi boti nzima kwa siku, na mafuta na mabaharia wamo humo humo kwenye bei. Sisi humtafuta samaki, yeye humvuta, na jioni sifa ni zake. Mimi sasa nimeshuka nchi kavu, magoti hayataki tena kusimama kwenye sitaha inayoyumba. Najua mtaifanya kazi hii hata mkikatazwa, basi haya hapa, ambayo mimi hakuna aliyeniambia.

1. Usiuze msimu ambao haupo

Bahari yetu ina kalenda yake, na anayeiandika ni upepo. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, maji huwa ya buluu na ndio wakati wa marlini. Sulisuli huwa wengi zaidi Novemba hadi Januari. Kusi ikilegea, Agosti hadi Oktoba, jodari hupita kwa makundi na ndege juu yao. Mei hadi Julai bahari huchafuka, na boti nyingi hupandishwa juu zikapakwe rangi.

Haya niliyajua tangu utotoni. Hata hivyo, mwaka wangu wa kwanza kushika usukani, alikuja mgeni mwezi wa Mei akauliza kama marlini wapo. Nikampa lile jibu ambalo kila mtu wa pwani amelikariri kwa ajili ya watalii: hakuna matata. Tulitoka alfajiri. Kufika nje ya mwamba mawimbi ya kusi yakatupokea kwa makofi, mkewe akalala sakafuni na ndoo kifuani, na saa nane mchana tukarudi na tengesi mmoja mwembamba niliyetamani kumficha. Mgeni alilipa, hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unajua?" Nikajifanya nakunja kamba.

Miaka kadhaa baadaye akaja mwingine wa aina hiyo hiyo, nami nikamwambia wazi: marlini mwezi huu hakuna, bahari ni mbaya, ila asubuhi ikiamka shwari kidogo tunaweza kumjaribu kolekole karibu na mwamba kwa chambo hai. Nilidhani atakwenda kwa jirani. Alikodi boti, akapata kolekole aliyemtoa jasho, na Februari iliyofuata akarudi na ndugu zake. Haikuwahi kunijia akilini kwamba mtu anaweza kuambiwa samaki hakuna na bado akatoa pesa.

Uongo mdogo nao uache. Wageni watakuuliza habari za mwandishi Hemingway. Ni kweli alivua Malindi, mwaka 1934. Lakini kile kitabu chake cha mzee na marlini, kilichotoka 1952, ni cha Kuba, na mimi kwa muda mrefu niliwaonyesha watu mahali "hasa" mzee alipompatia samaki wake. Mpaka siku moja msichana mdogo aliyekisoma akanisahihisha mbele ya baba yake na mabaharia wangu wote.

2. Mvua ya Machakos huamua samaki wa Malindi

Nilikua nikiamini samaki mkubwa hutaka maji safi tu. Maji ya mto Sabaki niliyaona uchafu wa kukimbiwa. Nahodha aliyenifunza, mzee asiyependa maneno, alinipeleka Novemba moja mbele ya mlango wa mto, akaniachia usukani na kuniambia nifuate mpaka. Kushoto maji yalikuwa kama chai ya maziwa, kulia buluu tupu, na katikati povu, majani, vijiti na dagaa wakirukaruka. Hatukuingia upande wowote. Tulirambaza juu ya mstari ule ule, na kabla ya saa nne asubuhi sulisuli walikuwa wamenyanyua mapezi nyuma ya vyambo vyetu.

Sabaki ni ule ule mto Athi unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, ukaitwa Galana njiani kabla ya kutufikia. Mvua ikipiga huko, udongo mwekundu huja hadi baharini, samaki wadogo hujazana ukingoni mwa maji hayo, na wakubwa huwafuata. Nina shemeji Machakos. Kila Novemba nilikuwa nampigia simu kumuuliza kama imenyesha, naye miaka yote hiyo alidhani nayahurumia mahindi yake.

Tafuta mpaka, basi: maji mawili yanapokutana, kina kinapoporomoka ghafla, gogo linaloelea ambalo huenda lina dorado chini yake, ndege wanaozunguka mahali pamoja. Mashine ya kuonyesha samaki ni nzuri, lakini haiinui macho ikaona ndege.

3. Fundisha kabla chambo hakijagusa maji

Sulisuli hali kwa pupa. Kwanza utaona weusi tu chini ya chambo, halafu pezi. Hukipiga chambo kwa ule mdomo wake mrefu ili akizubaishe, hugeuka, ndipo humeza. Chambo chenyewe mara nyingi ni ukanda wa tumbo la sehewa ulioshonwa kwenye ndoana kwa uzi, au chuchunge mzima. Akipiga na mshipi umekaza, husikia kuna kinachomvuta, akaenda zake. Kwa hiyo akipiga tu, fungua rili, weka kidole gumba juu ya mshipi kwa wepesi usije ukajisokota, uache uende, hesabu moja mpaka tano, kisha funga. Ukitumia ndoana ya duara usinyakue fimbo. Zungusha rili tu, ndoana itajipachika yenyewe pembeni ya mdomo.

Hesabu ya tano, basi. Nimewaona wakurugenzi na makanali wakishindwa kuingoja. Wanamwona samaki, wananyakua, na chambo kinarudi kimechanika. Wanaofaulu ni wale ambao hawajawahi kuvua: bibi aliyekuja kumsindikiza mumewe, mtoto wa shule. Wanasikiliza, wanahesabu kwa sauti, na samaki huyo anaruka. Jambo hili lilinishangaza kwa muda mrefu. Waume wengi halikuwafurahisha.

Mimi nilikuwa na papara ya aina nyingine. Nikiwa baharia mchanga, mzee mmoja alipata marlini akahangaika naye zaidi ya saa. Mikono ikaanza kumtetemeka. Nikamwonea huruma, nikaishika fimbo, nikavuta hadi samaki akafika ubavuni. Sote tulipiga makofi isipokuwa yeye. "Huyo ni wako," akaniambia, akaenda kuketi omo. Sheria za IGFA, shirika linaloweka rekodi za uvuvi wa aina hii duniani, hazimhesabu samaki ambaye mtu wa pili ameishika fimbo yake. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mzee yule alikuwa amevuka bara zima kwa ajili ya saa ile moja, nami nikamnyang'anya mwisho wake.

Fanyeni mazoezi mkiwa bado kwenye nanga. Mpe mgeni fimbo, baharia ashike ncha ya mshipi na kukimbia nayo ufuoni akijifanya sulisuli. Watu watacheka. Wacheke, samaki hajaja bado.

4. Swali la mjomba

Boti zetu huwarudisha baharini sulisuli na marlini wakiwa hai. Mjomba wangu, aliyevua kwa ngalawa maisha yake yote, aliniuliza tulipotoka sala ya Ijumaa, watu wakisikia: "Mwanangu, ni kweli mnamshika samaki wa kulisha nyumba tatu, mnampiga picha, halafu mnamwachilia?" Nikamjibu kwa maneno ya uhifadhi niliyoyasikia kwa wageni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na huyo anayelipa kumshika, pesa yake inafika wapi?"

Mpaka leo nina nusu ya jibu. Sulisuli aliyekufa huuzwa mara moja, kwa kilo. Aliye hai humrudisha mgeni mwaka ujao, na mgeni hulipa boti, hoteli, tuktuk na muuza madafu. Hiyo ndiyo nusu yangu. Nusu ya mjomba nayo ni ya kweli: boti nyingi si zetu, na sehemu kubwa ya pesa hiyo hailali kijijini.

Nikaanza na yaliyokuwa mkononi mwangu. Chambo nilinunua kwa watu wa ngalawa, kwa bei yao, hata mwenye boti aliponiambia kwenye friza kuna cha bei rahisi. Jodari na nguru hawarudishwi, na kwa desturi hubaki kuwa mali ya boti. Fungu langu lilipita kwa mjomba kabla ya kufika sokoni. Nikikuta nyavu za wenyewe nilizunguka, hata samaki wawe wanaruka ng'ambo ya pili na mgeni ananipigia kelele. Mjomba hakuniambia kamwe kwamba ameridhika. Aliacha tu kuniuliza mbele ya watu.

Ukimrudisha samaki, mrudishe kweli. Sulisuli aliyechoka hugeuka rangi ya shaba. Usimpandishe botini kwa ajili ya picha. Mshike mdomo kwa glavu, kichwa kikiwa majini, na boti iende mbele polepole maji yapite kwenye matamvua. Alama ya plastiki ichomwe begani karibu na pezi la mgongo, mbali na kichwa na tumbo. Kadi yake, yenye tarehe, mahali na makadirio ya uzito, ipelekwe African Billfish Foundation pale Watamu, ili akishikwa tena kwingine ijulikane alitoka wapi. Halafu subiri. Buluu ikianza kurudi mgongoni, na ukamsikia anakupokonya mkono, mwachie. Kumsukuma majini akiwa bado amelegea ni kuwalisha papa.

Nimewaona manahodha wazuri sana wakishindwa kungoja hapo, kwa sababu mgeni ameshaanza kuuliza chakula cha mchana.

5. Pesa ya kaskazi huliwa wakati wa kusi

Hili fupi, linaniaibisha. Bakshishi za msimu wangu wa kwanza wa unahodha nilizinunulia televisheni pana kuliko dirisha la chumba. Juni tuliitazama kwa uji mtupu, Julai nikaiuza kwa hasara. Boti ikiwa juu ya magogo, mabaharia hulipwa nusu au hawalipwi kabisa. Karo ya muhula wa pili ilipwe kabla Machi haijaisha. Unga na mafuta ya miezi ya kusi vihesabiwe mapema. Na chama cha kuweka akiba usikikimbie eti kwa sababu wanachama wengi ni akina mama. Wao ndio walionikopesha Julai ile.

Kuna pia misimu isiyotokana na upepo. Machi 2020, kwa sababu ya korona, Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, zikarudi Agosti. Jodari walipita mwaka huo kama kawaida, na boti zikawaangalia kutoka kwenye nanga. Waliokuwa na shamba la mihogo au fungu kwenye chama ndio waliolala wameshiba.

6. Mgeni hatakushukuru kwa kugeuza boti. Geuza

Saa ya kurudi huamuliwa na maji. Bamvua likipwa huku kusi inasukuma, wimbi huvunjika kwenye mlango wa mwamba, na mkataba wa mgeni hauna la kusema hapo. Siku moja samaki walikuwa wanakula vizuri, wingu jeusi likasimama kusini. Mgeni akaniahidi bakshishi maradufu nikimpa saa moja zaidi. Nikageuza. Alininunia njia nzima. Wingu lile likapita zake, tone halikudondoka, jioni bahari ikalala kama haijawahi kuamka, na mabaharia wangu wakanicheka wiki nzima wakiniita mtabiri.

Ningegeuza tena. Nahodha anayegeuza boti pale tu anapokuwa na hakika huwa ameshachelewa, na kuchekwa hakuhitaji waokoaji. Mengine ni ya kawaida na hayana mjadala: jaketi okozi zihesabiwe kabla ya kung'oa nanga, redio ijaribiwe, dizeli ikaguliwe isiwe na maji, na cheti chako cha Kenya Maritime Authority kisiwe kimeisha muda.

Wengi huja kutafuta kazi Agosti, boti zinaposhushwa majini na wageni wanapoanza kuonekana. Wewe njoo Mei. Hakuna bakshishi wala samaki wa kupiga naye picha. Kuna msasa, kuna grisi, na kuna manahodha wenye nafasi ya kujibu maswali. Lete nguo za kuchafua.