Kengele ya Wizi Haizungumzi na Kompyuta

Swali: Duka letu la kununua dhahabu hapa Segese lina paneli ya kengele. Tumeiunga na kompyuta kwa waya wa siriali, lakini hakuna taarifa inayoingia. Fundi anasema paneli imekufa. Tununue nyingine?

Jibu: Msinunue bado. Kimya hakithibitishi kifo cha paneli. Kinaonyesha tu kwamba herufi hazifiki. Kasi ikikosewa, 9600 huku na 1200 kule, mara nyingi huja herufi za ovyo. Kimya kitupu huelekeza kwanza kwenye waya au namba ya COM, ambayo Windows inaweza kuibadilisha pale adapta ya USB inapohamishiwa tundu jingine. Chomoeni waya upande wa paneli, unganisheni pini ya 2 na ya 3 za plagi hiyo ya pini 9, kisha andikeni kitu kwenye programu ya PuTTY. Herufi zikirudi, kompyuta ni nzima na nyaya hizo mbili hazijakatika.

Mtasema waya huohuo unafanya kazi kwenye mashine nyingine. Hoja hiyo haitoshi, kwa sababu vifaa viwili vinavyotuma kwa pini ya 3 havisikilizani mpaka 2 na 3 zipishanishwe ndani ya waya, huku 5 ikienda moja kwa moja. Ila someni kwanza kitabu cha paneli: bodi ya volti 5 ikiungwa bila kigeuzi na RS-232, yaani siriali ya kompyuta, yenye hadi volti 15 chanya na hasi, inaweza kuungua.