GOKATI: KIGARI NI KIDOGO, MWENDO SI MDOGO

Najua kuna wenzetu ambao shule zikifungwa tu wanaanza kuweka akiba ya kwenda kuendesha gokati. Kama hujaiona, ni kigari kisicho na paa wala milango, na kiti chake kiko chini karibu kuguza lami. Nairobi viwanja vipo, na Pwani pia. Hakuna anayekuuliza leseni. Unalipa, unapewa helmeti, unaonyeshwa mafuta na breki, basi, unaachiliwa.

Gokati ya kwanza iliundwa California, Marekani, mwaka 1956 na fundi mmoja aitwaye Art Ingels. Injini yake ilikuwa ya mashine ya kukata nyasi. Lakini usidanganyike na hiyo asili. Ayrton Senna, Michael Schumacher na Lewis Hamilton wote walijifunzia mbio kwenye vigari hivi.

Je, zinakwenda kasi gani? Nyingi za kukodisha huenda kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa. Za mashindano hupita 100. Hapo utasikia kijana akisema, "Ah, hamsini ni nini? Hata matatu inapita hiyo!" Ni kweli, lakini ndani ya matatu umezungukwa na bati na chuma. Kwenye gokati umezungukwa na hewa.

Hebu chukua kalamu tufanye hesabu ya fizikia. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya mgongano haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Kugonga ukuta ukiwa na kilomita 36 kwa saa ni kama kuanguka kutoka mita 5 juu. Ongeza ufike 54, ni kama kuanguka kutoka mita 11 na nusu, yaani kutoka juu ya mnazi. Ndiyo maana pembeni mwa uwanja hupangwa matairi makuukuu au vizuizi vya plastiki. Vinabonyea, na mwili unapata nafasi ya kusimama bila kukatizwa ghafla. Ukifika uwanja ambao ukingo wake ni ukuta mtupu au nguzo za chuma, mimi ningekushauri urudi nyumbani na pesa zako.

Sasa breki. Gokati nyingi za kukodisha hufunga breki magurudumu ya nyuma peke yake, nayo yameunganishwa kwa ekseli moja. Ukikanyaga breki kwa nguvu katikati ya kona, nyuma inateleza na unazunguka kama pia. Punguza mwendo ungali umenyooka, ndipo ukate kona, kisha uongeze mafuta ukitoka. Usikanyage mafuta na breki kwa pamoja. Na ukishazunguka, kaa palepale kitini, inua mkono juu wenzako wakuone, umngoje msimamizi. Anayeshuka kukimbia pembeni ndiye anayegongwa na wanaokuja.

"Mbona gokati nyingine hazina mkanda?" Swali zuri. Gokati isiyo na chuma cha kukinga kichwa ikipinduka, ni afadhali dereva arushwe nje kuliko afungiwe chini yake. Lakini ikiwa ina chuma hicho, mkanda ni lazima, na ufungwe ukakaza.

Jambo linaloniogopesha zaidi, hata hivyo, si kona. Ni nywele na nguo. Nyuma ya kiti chako, sentimita chache tu, kuna ekseli na mnyororo vinavyozunguka kwa kasi. Mwaka 1927, mjini Nice, Ufaransa, mcheza dansi mashuhuri Isadora Duncan alikufa baada ya skafu yake ndefu kunaswa na gurudumu la gari la wazi. Mwaka 2018, katika jimbo la Haryana nchini India, mwanamke aliyekwenda kujiburudisha na jamaa zake alikufa baada ya nywele zake kunaswa na gokati. Hakuwa kwenye mashindano.

Kwa hivyo dada, na wewe kaka mwenye rasta, nywele zote ziingie ndani ya helmeti au ndani ya shati, zisibaki zikining'inia mgongoni. Kufunga mkia tu hakutoshi. Unavaa hijabu? Vaa ile ya kubana, ncha zake uzitie ndani ya nguo. Mtandio, leso, mkufu, kamba za jaketi, vyote viache kwa rafiki anayetazama. Viatu viwe vya kufunga, si ndara. Helmeti ikaze na kamba ya kidevu ifungwe, kwa sababu helmeti isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kugonga. Helmeti za kukodi huvaliwa na watu wengi, kwa hiyo omba au beba kofia ya kitambaa ya kuvaa ndani.

Uwanja ukiwa ndani ya jengo na gokati ni za petroli, angalia kama hewa inapita. Moshi una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kuja, toka nje, usiseme ni njaa. Ukiungua kwa injini au bomba la moshi, mwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, hapana!

Tuje kwa kichwa. Mtu akigongwa, ubongo unaweza kutikisika ndani ya fuvu hata kama hakuzimia na hakuna damu. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kuona ukungu, kutapika, kusahau kilichotokea, au kuuliza swali lile lile mara tatu. Hapa mabeshte humwambia, "Jikaze, bado una raundi mbili umelipia." Msimsikilize anayesema hivyo! Pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuua. Raundi zilizobaki zipotee. Asiendeshe tena siku hiyo, asinywe pombe, asiachwe peke yake kwa saa 24, na amwone daktari kabla ya kurudi mchezoni. Akitapika tena na tena, akizidi kuumwa, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, maji au damu ikitoka sikioni, au ikawa vigumu kumwamsha, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Na kama amelala uwanjani analalamika shingo, usimvute wala usimvue helmeti maadamu anapumua vizuri na hakuna moto. Mshikilie kichwa kisisogee, ongea naye, na mtu mwingine akaite msaada.