Mipaka ya Usiri katika Mawasiliano ya Kikwanta: Mfano wa Saza, Songwe

Makala haya yanachunguza mipaka ya kinadharia ya kriptografia ya kwanta, yaani utaratibu wa kugawana ufunguo wa siri kwa chembe za mwanga (fotoni). Katika utaratibu uliopendekezwa na Bennett na Brassard mwaka 1984, hali ya kikwanta isiyojulikana hainakiliki kikamilifu; mdukizi anayeipima huacha athari. Hata hivyo, usiri huo una mipaka.

Mpaka wa kwanza ni umbali. Waya wa kioo hupoteza takribani desibeli 0.2 kwa kilomita. Ikichukuliwa kuwa waya wa kutoka Saza hadi Dar es Salaam una urefu wa kilomita 900, upotevu ni desibeli 180: katika fotoni bilioni bilioni moja, hufika moja. Mwaka 2017 Pirandola na wenzake walithibitisha kuwa, pasipo kituo cha kati, biti za ufunguo kwa kila mpigo hazizidi takribani mara 1.44 ya sehemu ya mwanga inayofika. Basi hata kwa mipigo bilioni moja kwa sekunde, biti moja ingesubiriwa miaka 22. Vikuza mawimbi vya kawaida havifai: kanuni inayomzuia mdukizi kunakili humzuia pia mwenye ujumbe. Vituo vya kati hufupisha safari, lakini kila kituo cha kawaida huujua ufunguo, hivyo lazima kiaminiwe.

Mpaka wa pili ni utambulisho. Fizikia humfichua mdukizi, haimthibitishi mwenzi. Wawili hao hawana budi kuanza na siri fupi ya pamoja. Kwa hiyo, kwanta haizalishi uaminifu pasipokuwapo. Huukuza uliokwisha kuwapo.