Kabla ya Kununua Paneli, Hesabuni Mazutu

Pita mchana kwenye mitaa ya biashara ya Butembo, mashariki mwa Kongo, au huku Beni, usikilize. Saluni ina jenereta, karakana ina jenereta, depo ya samaki wa baridi ina mbili. Mazutu yanayoziendesha yamesafiri kutoka ng'ambo ya Uganda, yamelipiwa duane Kasindi, kisha yamepita barabara ambayo madereva wanaijua kwa hofu yake. Gharama yote hiyo inaishia kwenye bei ya kunyoa nywele na ya kilo moja ya samaki.

Vyama vya wafanyabiashara vinaweza kuibadili hali hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Vina kitu ambacho kampuni ya umeme haina wala mfadhili hana: vinawajua wateja kwa sura, nani anatumia mashine gani na nani hulipa deni lake kwa wakati. Butembo haianzi leo. Wafanyabiashara wake walichangia matengenezo ya barabara wakati serikali iko mbali, wakaunda hata kampuni yao ya umeme, SENOKI. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 nayo imewafungulia watu binafsi mlango ambao zamani ulikuwa wa SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, peke yake.

Kazi ya kwanza ni daftari. Chagueni komite ya watu watatu wanaoaminika, wapite duka kwa duka, karitie kwa karitie. Waandike mambo manne: mashine zilizopo, kilowati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mota, saa zinazofanya kazi kwa siku, na lita za mazutu au esansi kwa wiki. Msikubali jibu la "nyingi tu". Ombeni kuona risiti.

Kisha pigeni hesabu. Lita moja ya mazutu katika jenereta ndogo mara nyingi haitoi zaidi ya uniti 3 (kilowati-saa) za umeme. Tuseme karakana ya kuchomelea vyuma inachoma lita 60 kwa wiki, na lita ni dola moja na nusu. Imelipa dola 90 kwa uniti 180, yaani si chini ya senti 50 kwa uniti moja, kabla ya oili, fundi na jenereta mpya. Mwanachama akiiona namba hiyo kwa mwandiko wake mwenyewe, hamhitaji tena kumshawishi.

Daftari hilo ndilo mnalokwenda nalo kwa kampuni inayozalisha umeme wa maji. Anayesimika nguzo anaogopa mtaa wenye taa nyingi za jioni na mashine chache za mchana, kwa sababu maji ya mto hayasubiri saa moja usiku. Nendeni kama mteja mmoja mkubwa: vinu vya unga, maseremala, wachomeleaji na wenye friji za jumla, na sahihi zao kwamba watanunua kiasi fulani kila mwezi. Hapo mna nguvu ya kuzungumza bei, tarehe ya kuunganishwa, na nani atatengeneza laini ikikatika. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, umeme wa maji wa hifadhi ya Virunga ulipofika, kiwanda cha sabuni cha SICOVIR kilipata pa kusimama. Mashine na laini zinahitajiana, na chama ndicho kinachoweza kuzikutanisha.

Walio mbali na laini watakwenda kwenye jua, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nunueni pamoja, konteneri moja badala ya kila mtu na paneli yake sokoni, na upimeni mzigo kabla ya kulipa salio. Chukueni futi kamba. Paneli nzuri ya leo hutoa takriban wati 200, au zaidi kidogo, kwa kila mita ya mraba. Ukikuta kibandiko cha wati 500 kwenye paneli ya mita moja ya mraba, kibandiko kinadanganya, hata kama muuzaji ni jamaa yako. Chagueni paneli chache bila mpangilio, zipimeni juani kwa mita ya fundi, muandike matokeo.

Mota ya kinu inastahili uangalifu wa peke yake. Inapowaka, kwa sekunde chache huvuta umeme mara tano au zaidi ya kawaida yake. Inveta inayotosha taa na friji itazima papo hapo, au itaungua. Mwenye kinu anahitaji kifaa cha kuwashia mota polepole na fundi aliyewahi kufanya kazi hiyo. Paneli zifungwe kwa mwinamo kidogo ingawa tuko karibu na ikweta, ili mvua ioshe vumbi. Ukubwa wa mfumo upimwe kwa miezi ya mawingu.

Kuhusu fedha, wakubwa wa FEC, shirikisho la wafanyabiashara, wana dhamana ya kupeleka benki. Mama anayeuza samaki hana. Asiachwe nje. AVEC (vikundi vya kuweka na kukopa) na likelemba (michango ya zamu) anazoziamini zinaweza kupokea malipo yake ya kila wiki, na chama kikasimama mdhamini mbele ya COOPEC, ushirika wa akiba na mikopo. Kiwango kizuri cha malipo kiko tayari kwenye daftari: kisizidi kile alichokuwa akilipia mazutu. Ikiwa mita ni ya kulipia kabla, deni likatwe humo humo kidogo kidogo.

Tengeni pia fungu la matengenezo tangu mwezi wa kwanza, na mlipie vijana wawili au watatu mafunzo ya ufundi hapa hapa mjini. Betri za risasi zisishushwe chini ya nusu, na zikichoka zirudishwe depo ya chama kwa punguzo la betri mpya. Asivunje mtu betri nyuma ya nyumba kutafuta risasi, maana sumu yake inaingia kwenye udongo ambao watoto wanachezea. Daftari la mapato na matumizi lisomwe kwa sauti katika kila mkutano, na wanachama wadogo wawe na sauti ya kuuliza.