Kihispania kwa Waseminari na Waamini: "Habría" na "-ngali-"



Wapo wanaouliza kwa nini gazeti la seminari lihangaike na Kihispania wakati Kilatini chenyewe hakijatuingia vizuri. Jibu letu ni fupi. Mtakatifu Teresa wa Ávila na Mtakatifu Yohane wa Msalaba waliandika kwa lugha hiyo. Papa Fransisko aliizungumza tangu utoto wake huko Argentina. Papa Leo XIV aliishi nayo miaka mingi Peru, ambako alikuwa Askofu wa Chiclayo. Na hapa hapa Afrika, Wakatoliki wa Guinea ya Ikweta wanaitumia kila siku.

Leo tunashika nyakati za masharti zilizo ambatani, yaani namna ya kusema jambo ambalo lingalitokea lakini halikutokea. Tuanze na sentensi ambayo mtu yeyote wa Makongolosi anaweza kuisikia kwenye machimbo ya dhahabu:

Wangeweka magogo, duara lisingeporomoka.

Swali: duara limeshaporomoka, au bado limesimama? Sentensi haisemi. Mtu anaweza kuitamka akiwa anachungulia shimo ambalo kuta zake hazijazuiwa, na hapo ni onyo. Bado kuna muda wa kutafuta magogo. Mwingine anaweza kuitamka siku ya mazishi, na hapo ni lawama. Wanasarufi wetu wametenga -nge- kwa yale ambayo bado yanawezekana na -ngali- kwa yale yaliyokwisha kupita, lakini katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu tumeiachia -nge- kazi zote mbili. Msikilizaji anaelewa kwa kuangalia hali iliyopo.

Kihispania hakimpi msemaji nafasi hiyo. Lazima achague:

Si apuntalaran el pozo, no se derrumbaría. (Duara bado limesimama.)

Si hubieran apuntalado el pozo, no se habría derrumbado. (Duara limeanguka.)

Fikirini padre mgeni anayejua Kihispania tu, amekuja kufariji wafiwa, nanyi mnamtafsiria. Mkikosea hapa, onyo linageuka kuwa shutuma mbele ya mjane. Au kinyume chake: mchimbaji anaeleza hatari iliyopo sasa, nanyi mnamfanya padre adhani watu wameshakufa. Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri -nge- yoyote, ulizeni kwanza: jambo hili limefungwa au bado liko wazi?

Sasa tuone jinsi wakati huu unavyoundwa. Tunachukua kitenzi kisaidizi haber katika hali ya masharti: habría (mimi), habrías (wewe), habría (yeye), habríamos (sisi), habríais (ninyi), habrían (wao). Huko Amerika ya Kusini habríais haitumiki. "Ninyi" ni ustedes, nayo huchukua habrían. Kisha tunaongeza kitenzi kikuu katika umbo la -ado au -ido: hablar inatoa hablado, comer inatoa comido, vivir inatoa vivido. Yapo machache yasiyofuata njia, nayo ni ya kukariri tu: hecho (fanya), dicho (sema), visto (ona), puesto (weka), escrito (andika), abierto (fungua), vuelto (rudi), roto (vunja), muerto (kufa). Umbo hili likiwa na haber halibadiliki hata kidogo. Wawe masista wawili au padre mmoja, ni visto vilevile. Herufi h haitamkwi, hivyo habría husikika sawasawa na abría, "nilikuwa nafungua". Maana hutofautishwa na maneno yanayoizunguka.

Je, hili ni geni kwetu? Hapana. Kiswahili kina -ngali- katika neno moja, "ningalifika", lakini pia kina njia ya maneno mawili: "ningekuwa nimefika". Tazameni vizuri. "Ningekuwa" ni kisaidizi chenye sharti, na "nimefika" ni kitendo kilichokamilika. Habría llegado ni hivyohivyo, neno kwa neno karibu. Mwanafunzi anayekwama tunamshauri asianzie kwenye -ngali-, apite kwanza kwenye "ningekuwa nime-", kisha avuke.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Kiswahili huweka kiambishi kilekile pande zote mbili: ungalikuja, ningalifurahi. Kwa sababu hiyo, Mswahili huandika si habrías venido, habría..., na hilo si sanifu. Baada ya si yenye maana ya "kama", habría haikai. Upande wa sharti unadai hubiera au hubiese pamoja na umbo la -ado/-ido: Si hubieras venido, me habría alegrado. Upande wa matokeo ndio makao ya habría, ingawa hubiera inaruhusiwa pia kuingia huko. (Na tahadhari ndogo: si ya Kihispania ni "kama", sí yenye alama ni "ndiyo", na ile si yetu ya "mimi si mwizi" haihusiki kabisa.)

Waliosoma Kilatini wataona jambo la kupendeza. Kilatini nacho, kama Kiswahili, kiliweka umbo moja pande zote mbili kwa sharti lililopita. Hubiese ni mjukuu wa habuisset. Habría ilizaliwa baadaye, kutokana na habere kuunganishwa na habebam. Kwa hiyo katika jambo hili sisi tuko karibu na Cicero kuliko Wahispania walivyo.

Sharti likiwa la jana na matokeo yakiwa ya leo, tusitumie habría: Si hubiera entrado en el seminario, hoy sería sacerdote. Ningaliingia seminari, leo ningekuwa padre. Hapa Kiswahili kizuri kinatenganisha vizuri kabisa, -ngali- huku na -nge- kule, nasi tunasikitika kwamba wengi wanaiacha tofauti hiyo ipotee.

Matumizi mengine tuyapitie haraka. Kuomba radhi kwa adabu: Me habría gustado asistir a la misa, ningalipenda kuhudhuria misa. Kusimulia ahadi: Dijo que para el lunes habría terminado, alisema kufikia Jumatatu angekuwa amemaliza. Na magazeti huandika el ministro habría renunciado wakimaanisha "inadaiwa waziri amejiuzulu". Hayo muyatambue mnaposoma, lakini msiyaige.

Kwa mfano wa Maandiko, fungueni Biblia ya Kihispania kwenye Injili ya Yohane sura ya 11, aya ya 21 na ya 32. Marta, na baada yake Maria, wanamwambia Yesu jambo lilelile kuhusu kaka yao. Tafuteni upande wa sharti na upande wa matokeo, kisha linganisheni na Biblia yenu ya Kiswahili mwone kama imetumia -nge-, -ngeli- au -ngali-. Mjadiliane pia: maneno yale ni lawama, au ni imani inayolia? Sarufi inaruhusu yote mawili, na wanawake wale wawili huenda hawakuyasema kwa sauti moja.

Zoezi. Tafsirini kwa Kihispania:

1. Tungaliondoka Mbeya alfajiri, tungaliwahi misa Makongolosi.
2. Usingaliniambia, nisingalijua.
3. Ningalikuwa na nauli, sasa ningekuwa nyumbani.
4. Mvua isingenyesha, barabara isingeharibika.

Ya nne ina majibu mawili yaliyo sahihi. Andikeni yote mawili, na pembeni mwa kila moja mseme ingetamkwa lini: kabla ya mvua au baada yake.