OPERA NA MASHINI MPYA: NANI ANAFUNGULIWA MLANGO?



Katika somo hili tunataka kutazama jambo moja ambalo wengi wetu wanafikiri ni la matajiri wa Ulaya tu. Opera ni mchezo wa jukwaa ambamo watu wanaimba maneno yao pahali pa kuyasema, na orkestra inawasindikiza. Ulizo letu ni hili: mashini mpya zinaweza kuletea opera wasikilizaji wapya? Na kama zinaweza, zinamfungulia nani mlango, na nani anabaki inje?

1. Tikiti

Opera ilizaliwa Italia karibu na mwaka wa 1600. Mwanzo ilichezwa katika majumba ya wakubwa, mbele ya wageni wao. Kisha, mwaka wa 1637, huko Venice, nyumba ya opera yenye jina San Cassiano ilifunguliwa kwa kila mtu mwenye kulipa. Angalieni vizuri: kilichofungua mlango pale si mashini, ni tikiti. Zamani waliingia walioalikwa tu, sasa wakaingia wenye feza. Ilikuwa hatua kubwa, lakini asiye na feza alibaki inje vilevile.

2. Waya na hewa

Mwaka wa 1881, kwenye maonyesho ya umeme huko Paris, Clément Ader aliweka vyombo vya kushika sauti mbele ya jukwaa la Opera. Waya za simu zikapeleka sauti mpaka mahali pa maonyesho. Kila msikilizaji alipewa visikilizio viwili, kimoja kwa kila sikio. Kwa sababu kila sikio lilipata sauti ya upande wake wa jukwaa, mtu aliweza kutambua mwimbaji anatembea kwenda wapi, hata kama hamuoni! Basi, ile hamu ya kumwingiza msikilizaji ndani ya mchezo si ya leo.

Tarehe 25 Desemba 1931, Metropolitan Opera ya New York ilipeleka opera nzima kwa radio. Kuanzia Desemba 2006 nyumba hiyohiyo ikaanza kupeleka picha na sauti kwa satelite mpaka katika masinema ya inchi mbalimbali.

Tusisahau jambo lingine dogo. Mwaka wa 1983, huko Toronto, Kanada, waliandika tafsiri ya maneno juu ya jukwaa wakati waimbaji wanaimba. Ni maandishi tu, lakini yalisaidia watu wengi. Juu ya nini? Kwa sababu mtu asiyefahamu luga anaweza kukaa ndani ya nyumba na bado akawa inje ya mchezo.

3. Miwani ya Bayreuth

Huko Bayreuth, Ujerumani, Richard Wagner alifungua nyumba yake ya opera mwaka wa 1876. Alificha orkestra chini ya jukwaa na kutia giza upande wa watazamaji, ili watu wasahau nyumba na waingie katika hadisi.

Mwaka wa 2023, katika nyumba ile ile, Jay Scheib alionyesha opera ya Wagner yenye jina Parsifal kwa namna mpya. Watazamaji wengine walivaa miwani ya pekee. Ukivaa miwani ya namna ile, unaendelea kuona waimbaji, lakini kompyuta inaongeza picha zingine mbele ya macho yako. Ile miwani inajua umegeuza kichwa wapi, ndiyo sababu picha inaonekana kama kitu chenye kuwa mule ndani kweli.

Lakini sikilizeni hesabu. Nyumba ina viti karibu 2000, na miwani ilikuwa 330 tu, kwa sababu ya feza. Wengine wote walitazama mchezo pasipo zile picha. Hivi nyumba moja ikawa na makundi mawili. Tena, wengine waliopata miwani walilalamika kwamba iliwachosha na kuwazuia kuwaona waimbaji vizuri. Mashini ikimfunika mwimbaji, je, imesaidia opera?

4. Kolwezi mpaka Geneva

Sasa tuje kwetu. Mwezi wa pili wa 2019, huko Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, lori lenye kubeba asidi ya machimbo lilipata ajali. Watu karibu 20 walikufa, na wengine waliungua vibaya. Mwezi wa kwanza wa 2024 habari hiyo ilichezwa katika opera ya Geneva, Uswisi, kwa jina la Justice. Hèctor Parra alitunga muziki, Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi aliandika maneno, Milo Rau aliongoza mchezo. Kati ya waimbaji alikuwa Serge Kakudji, mtoto wa Kolwezi.

Pale hapakuwa miwani. Filamu iliwaonyesha watazamaji mahali pa msiba na watu wake. Hata hivi watu wa Geneva waliletwa karibu na Kabwe. Na tukumbuke, kobalti ya Kolwezi inaingia katika batri za simu na kompyuta. Mtu mwenye mashini mkononi anaweza kuwa amekwisha kufungwa na hadisi hii mbele hajaisikia.

5. Tunajifunza nini?

Kwanza, mashini inaweza kupeleka sauti na picha mbali, lakini bei yake inaweza kujenga ukuta mpya. Pili, msikilizaji anaingia kweli akifahamu maneno, na akiona kwamba habari inamhusu. Tatu, wasikilizaji wapya si wale wenye kununua tikiti tu. Ni vilevile wale ambao maisha yao yanaimbwa. Hao nao wanastahili kusikia wimbo wao.

Maulizo ya kuzungumza darasani:

a) Kama shule yetu ingepata miwani 3 kwa wanafunzi 50, tungefanya namna gani ili pasiwe na upendeleo?
b) Ni habari gani ya mahali petu inayostahili kuimbwa, na kwa luga gani?
c) Nani angepashwa kuisikia wa kwanza: watu wa mbali, ao wenyeji wa habari?